Onyo kwa Lugha Gani? Bunduki ya Umeme na Mipaka ya Nguvu za Polisi Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Suala la polisi kutumia nguvu dhidi ya raia si geni nchini Kenya, wala si geni katika fasihi ya Kiswahili. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa kifungoni, naye Shafi Adam Shafi akatuingiza katika seli za mateso kupitia riwaya ya Haini (2003). Hata hivyo, mateso tuliyozoea kuyasoma na kuyachambua ni ya gizani, nyuma ya kuta na milango ya chuma. Makala haya yanashughulikia nguvu zinazotumiwa mchana kweupe, barabarani na sokoni, na hasa kifaa kimoja ambacho hutajwa kila raia wanapouawa kwa risasi: bunduki ya umeme.

Mwandishi alikutana na suala hili darasani, si maktabani. Alikuwa akifundisha Kiswahili kwa muda katika shule moja ya upili viungani mwa mji wa Lodwar, na chama cha mjadala kikachagua hoja isemayo kuwa polisi wapokonywe bunduki za risasi na wapewe za umeme. Upande wa wapendekezaji ulikuwa ukielekea kushinda kwa urahisi. Ndipo akasimama msichana ambaye familia yake iliishi kambini Kakuma, akauliza: "Kabla ya kunipiga hiyo stima, ataniambia nisimame kwa lugha gani? Mama yangu hajui Kiswahili wala Kiingereza." Darasa likacheka. Mwenyekiti akaamua kuwa swali hilo liko nje ya hoja, mjadala ukaendelea. Mlezi wa chama siku hiyo alikuwa mwandishi wa makala haya, na hakumrudi mwenyekiti. Yanayofuata ni jaribio la kulijibu swali lile, japo kwa kuchelewa.

Kitu chenyewe na jina lake

Bunduki ya umeme inayojulikana zaidi ulimwenguni ni ile yenye jina la kibiashara la Taser. Ilibuniwa nchini Marekani na Jack Cover, aliyeanza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuikamilisha katika mwongo uliofuata. Jina alilitoa katika kitabu cha hadithi za vijana kilichotoka mwaka wa 1911, kumhusu kijana aitwaye Tom Swift na bunduki yake ya umeme. Wanafunzi wa fasihi watapenda kujua kwamba katika hadithi hiyo kijana huyo anakuja na bunduki yake Afrika kuwinda ndovu. Silaha yenyewe, basi, ilipewa jina na fasihi, tena fasihi iliyoliona bara letu kama uwanja wa kujaribia risasi.

Utendaji wake si mgumu kueleza. Askari anapofyatua, vishale viwili vidogo vyenye nyaya nyembamba huruka mita chache na kunasa kwenye nguo au ngozi ya anayelengwa. Umeme hupita kati ya vishale hivyo kwa muda wa sekunde 5 kwa kila mfyatuo wa kawaida. Volti hutajwa kuwa 50,000, ila mkondo wenyewe ni mdogo, na ndiyo sababu wengi hunusurika. Misuli hukakamaa, mtu akaanguka kama gogo, asiweze hata kuukinga uso kwa mikono. Wapo waliokufa si kwa umeme bali kwa kugonga kichwa chini. Kuna pia njia ya pili, ambayo watetezi wa kifaa hiki hawapendi kuizungumzia: kukigandamiza moja kwa moja mwilini bila kurusha vishale. Hapo mwili haufungwi kama katika njia ya kwanza. Kinachobaki ni maumivu. Njia ya kwanza humzuia mtu, ya pili humuumiza hadi atii.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowashughulisha wataalamu wa haki za binadamu. Novemba 2007, Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso, ilipokuwa ikijadili ripoti ya Ureno, ilieleza kuwa maumivu yanayosababishwa na aina mojawapo ya bunduki hizi ni makali kiasi cha kuhesabiwa kuwa mateso. Mwaka wa 2012, shirika la Amnesty International lilisema kuwa watu wasiopungua 500 walikuwa wamekufa nchini Marekani tangu 2001 baada ya kupigwa kwa silaha hiyo wakati wa kukamatwa au wakiwa jela. Si wote waliouawa na umeme wenyewe. Mara nyingi madaktari walitaja moyo, dawa za kulevya au sababu nyingine. Lakini idadi hiyo ilitosha kuliangusha jina la zamani. Silaha za aina hii ziliitwa "zisizoua". Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, unaziita silaha zenye uwezekano mdogo zaidi wa kuua.

Hapa Kiswahili chetu kimebaki nyuma. Magazeti na redio bado husema "silaha zisizoua", kana kwamba kitenzi kikikanushwa kifo nacho kimekanushika. Rungu nalo huhesabiwa katika kundi hilo. Agosti 2017, mjini Kisumu, mtoto Samantha Pendo, mwenye umri wa miezi sita, alipigwa na polisi walioingia nyumbani kwao wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, akafariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa mahakama uliokamilika 2019 uliwatwika polisi lawama. Baada ya kisa kama hicho, ni vigumu kuona mwanaisimu anavyoweza kuliacha jina "silaha isiyoua" lipite bila kulihoji.

Kuhusu kifaa chenyewe, mwandishi amesikia mapendekezo kadhaa ya istilahi. Wapo wanaotaka neno linalotokana na kitenzi "duwaza", kwa kufuata Kiingereza. Pendekezo hilo halifai. Mtu huduwazwa na habari, na mchezo wa sarakasi, na uzuri wa bibi harusi. Haduwazwi na kitu kinachomwangusha kifudifudi kwenye kokoto. "Kifaa cha shoti" kinaeleweka, ila kinasikika kama kazi ya fundi wa nyaya. Raia wa kawaida wa Lodwar, kama yule msichana, husema "kupigwa stima". Katika makala haya tumechagua "bunduki ya umeme" kwa kuwa jina hilo halifichi kitu: ni bunduki, na ni ya umeme. Tutaona hivi punde kuwa uchaguzi huo una uzito wa kisheria.

Turkana na historia ya nguvu

Anayesikia wito wa wakazi wa Turkana kuhusu polisi akiwa Nairobi anaweza kudhani ni mwangwi tu wa maandamano ya mji mkuu. Sivyo. Turkana iliijua serikali kwanza kupitia mtutu. Mwaka wa 1918, wakoloni Waingereza walituma kikosi cha kijeshi, maarufu kama Doria ya Labur, kuwaadhibu Waturkana, na mifugo mingi ikatwaliwa. Kwa miongo mingi baadaye eneo hili lilifungwa kwa sheria maalumu, mtu haingii wala hatoki bila idhini. Wakoloni walilitumia kama mahali pa kuwaweka watu wasioonekana: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha akawekwa kizuizini Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Wazee bado husema "kwenda Kenya" wanapofunga safari ya kuelekea kusini.

Baada ya uhuru zilifuata operesheni za kuwapokonya wafugaji silaha, na hapa mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutulia kidogo. Operesheni ya 1984 katika Pokoti, jirani wa Turkana, iliitwa Nyundo. Ya 2005 katika wilaya za wafugaji, Turkana ikiwemo, iliitwa Dumisha Amani. Ya mwaka wa 2023, iliyohusu kaunti sita ikiwemo Turkana, iliitwa Maliza Uhalifu. Majina yote ni ya Kiswahili fasaha, na yote ni ya kutia hofu au kutia moyo kutegemea umesimama upande gani wa mtutu. Wito wa Polisi wa Kenya pia ni wa Kiswahili: Utumishi kwa Wote. Amri zinazotolewa barabarani ni za Kiswahili: simama, lala chini, mikono juu. Julai 2025, Rais William Ruto aliposema hadharani kuwa wanaochoma biashara za wenzao wapigwe risasi ya mguu, alisema kwa Kiswahili. Nguvu huzungumza Kiswahili. Mipaka ya nguvu, kama tutakavyoona, imeandikwa kwa Kiingereza.

Ni haki kuongeza kuwa wakazi hawa hawaombi polisi waondoke. Kinyume chake, Juni 2018, wakati malori yalipoanza kusafirisha mafuta ghafi kutoka Turkana, wakazi waliyazuia Lokichar, na mojawapo ya madai yao makuu lilikuwa usalama zaidi dhidi ya wezi wa mifugo. Polisi wenyewe hufa huku. Septemba 2022, katika Turkana Mashariki, watu 11 waliuawa katika shambulizi moja walipokuwa wakiwafuata wezi wa mifugo, na 8 kati yao walikuwa askari polisi. Kwa hiyo wito wa Turkana una pande mbili kwa wakati mmoja: tulindeni, na msitupige. Anayeusikia upande mmoja tu hajausikia.

Uwili huo ndio unaotuonyesha kasoro ya hoja iliyoshindaniwa darasani. Bunduki ya umeme haimfai askari anayekabiliana na ngoroko wenye AK-47 kwenye bonde la mto mkavu. Hakuna atakayeacha bunduki yake ya kawaida kambini akaenda kule na kifaa cha kurusha vishale mita chache. Kifaa hicho kitatumika mjini: Lodwar kwenye kituo cha bodaboda, sokoni, kwenye maandamano, Kakuma kwenye foleni ya chakula. Yaani kitatumika dhidi ya watu wasio na silaha. Kule mashambani bunduki ya risasi itabaki palepale. Hapa mjini, ambako askari leo angelazimika kubishana na kubembeleza, umeme hautachukua nafasi ya risasi. Utachukua nafasi ya maneno.

Vancouver na Kakuma

Kakuma iko takriban kilomita 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar, kwenye barabara iendayo Lokichoggio. Kambi ilianzishwa 1992 kwa ajili ya watoto na vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, inahifadhi mamia ya maelfu ya watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Uhabeshi na kwingineko. (Waandishi wengi wa Kiingereza hudai kuwa "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Msomaji wa jarida hili hahitaji kuambiwa kuwa kamusi zetu hazina neno hilo, na sababu za kutolitafuta kwa bidii zinajulikana.)

Machi 2025, baada ya mgao wa chakula kupunguzwa hadi chini ya nusu ya kipimo chake kufuatia kukatwa kwa misaada ya kimataifa, wakimbizi waliandamana. Polisi walifyatua risasi, na watu kadhaa wakajeruhiwa. Ghasia zilizuka tena mwezi wa Julai. Ni katika hali kama hiyo ambapo mtu mwenye nia njema husema: laiti wangekuwa na bunduki za umeme. Hebu tulichukulie pendekezo hilo kwa uzito unaostahili, na tutazame kisa kilichotokea mbali sana na Turkana.

Oktoba 2007, Robert Dziekański, raia wa Poland, alishuka katika uwanja wa ndege wa Vancouver, Kanada, kwenda kuishi na mama yake. Hakujua Kiingereza. Alizunguka ndani ya uwanja kwa takriban saa kumi bila kupata njia ya kutoka, huku mama yake akimsubiri upande wa pili na hatimaye kuambiwa kuwa mwanawe hayupo. Alipoanza kuchanganyikiwa na kutupa vitu, waliitwa polisi wanne. Sekunde chache tu baada ya kumfikia walimpiga kwa bunduki ya umeme, si mara moja bali mara tano. Alifia palepale sakafuni. Abiria mmoja alikuwa amerekodi tukio zima kwa video. Bila video hiyo, pengine maelezo ya polisi ndiyo yangekuwa historia.

Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Thomas Braidwood ilichunguza kisa hicho. Ripoti yake ya kwanza, ya mwaka wa 2009, haikupendekeza kifaa kipigwe marufuku. Ilipendekeza kitumike tu pale ambapo mtu anasababisha madhara ya mwili au yuko karibu kabisa kuyasababisha, na kwamba kumkaidi askari pekee kusitoshe. Ilitaka pia mbinu za kutuliza zitangulie. Mkoa wa British Columbia uliyakubali mapendekezo hayo, na matumizi ya silaha hiyo yakapungua sana.

Kinachogusa zaidi katika kisa hiki si volti. Ni kwamba katika uwanja wa ndege wa kimataifa, kwa muda wa saa kumi, hakupatikana mtu wa kumwambia Dziekański maneno machache ya Kipolandi. Kakuma kuna lugha nyingi kuliko uwanja wowote wa ndege. Msomali, Mdinka, Mnuer, Mrundi na Mturkana wanaweza kusimama kwenye foleni moja. Wakongomani wengi wamekuja na Kiswahili chao, ambacho wengine wetu, kwa kiburi cha sanifu, tunakiita kibovu. Lakini angalau hao wataelewa "simama". Yule anayeelewa Kidinka pekee ataona mtu mwenye sare akipaza sauti, ataogopa, atakimbia. Kukimbia kwake kutasomwa kama ukaidi.

Na si lugha ya kigeni pekee inayoziba masikio. Mei 2023, mjini Cooma, Australia, ajuza wa miaka 95, Clare Nowland, aliyekuwa akitembea kwa kutegemea kiegemeo, alipigwa kwa bunduki ya umeme katika makao ya wazee akiwa ameshika kisu cha mezani. Alikuwa na dalili za ugonjwa wa kusahau na hakufuata maagizo aliyopewa. Alianguka, akafariki baadaye, na askari aliyempiga alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Ajuza huyo na wale polisi walizungumza lugha moja.

Kuonya ni nini?

Kiswahili kina neno zuri ambalo sheria ingefaidika nalo. Kitenzi "onya" ni kauli ya kale ya kusababisha inayotokana na "ona", kama "ponya" inavyotokana na "pona". Kumwonya mtu, kwa asili ya neno, ni kumfanya aone. Sauti ambayo haijamfanya msikilizaji aone hatari iliyo mbele yake haijawa onyo; ni kelele. Hili si pambo la mwanafunzi wa lugha. Ndilo jambo ambalo sheria ya Kenya inalidai bila kulifafanua.

Baada ya ghasia za 2007/08, ambapo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 na kueleza kuwa 405 kati yavyo vilitokana na risasi, Katiba mpya ya 2010 na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 zilijaribu kuweka mipaka. Jedwali la Sita la sheria hiyo linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu akizitumia, ziwe za kulingana na lengo, na uzito wa kosa, na kiwango cha ukinzani. Mtu akiumizwa, askari waliopo wampatie matibabu mara moja na kuwajulisha jamaa zake. Kifo au majeraha mabaya yaripotiwe kwa Mamlaka Huru ya kusimamia polisi, IPOA. Askari ajulikane kwa jina au nambari kwenye sare. Amri ya mkubwa si kisingizio. Kisha kuna sehemu ya pili, iliyo kali zaidi, kuhusu bunduki: zitumike tu pale ambapo njia nyingine hazitoshi, na askari ajitambulishe na kutoa onyo lililo bayana kabla ya kufyatua.

Hapa ndipo jina la kifaa linapokuwa jambo la kufa na kupona. Je, bunduki ya umeme iko sehemu ya kwanza, ya nguvu kwa jumla, au sehemu ya pili, ya bunduki? Haitajwi kwa jina. Ikiitwa "kifaa cha kuduwaza" itateleza kwenye sehemu ya kwanza, ambako hakuna sharti la onyo. Ikiitwa bunduki, kila mkazi wa Lodwar atakayeuliza "je, mlimwonya?" atakuwa na pa kusimamia. Mahakama ndiyo itakayoamua siku moja, na mwandishi hajidai kuwa wakili. Lakini mabaraza ya raia hayana haja ya kusubiri mahakama ili yadai kuwa sharti la onyo lihusu kila silaha inayorushwa kutoka mbali.

Katiba, kwa upande wake, inasema katika kifungu cha 49 kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Ni kifungu kizuri, ila kinaanza kufanya kazi baada ya mtu kukamatwa. Sekunde zinazotangulia, zile za "simama" na mkono kwenye kifyatuo, hazina sharti la lugha.

Kuna tatizo jingine la msamiati. Katika habari zetu tunalalamika kuwa polisi walitumia "nguvu kupita kiasi". Msemo huo umekubalika hata hauulizwi. Kiasi ni kipi? Nani alikiweka, na kimeandikwa wapi? Sheria haizungumzii kiasi kimoja kwa wote. Inazungumzia ulinganifu, yaani nguvu zipimwe kila mara dhidi ya kitu fulani. Kumpiga umeme mtu anayemnyanyulia mwenzake panga ni jambo moja. Kumpiga kwa sababu amekataa kutoka kwenye foleni ni jingine, hata kama volti ni zilezile. Mwandishi angependekeza tuseme "nguvu zisizolingana", ijapokuwa anakiri kuwa msemo huo haujapata utamu wa kinywani.

Masharti ambayo wito ungeweza kubeba

Wito wa kuweka mipaka, ukiondolewa jazba, unahitaji maneno mahususi. Uzoefu wa Kanada na mwongozo wa 2020 wa Umoja wa Mataifa unatoa mengi, lakini hali ya Turkana ina yake. Mwongozo huo unatahadharisha kuhusu kupiga mfululizo au kwa muda mrefu, kuhusu wagonjwa wa moyo, na kuhusu mahali penye vitu vinavyoshika moto. Hili la mwisho si la kinadharia kwetu. Yeyote aliyepita mji wa kaskazini ameona petroli ikiuzwa kwa chupa kando ya barabara, hatua chache kutoka bodaboda zinapoegeshwa. Cheche moja inatosha. Vilevile, mwili wa mtu aliyeishi miezi kadhaa kwa mgao wa chakula uliopunguzwa haufai kudhaniwa kuwa sawa na mwili wa kijana mwenye afya. Na kutoka vijiji vingi vya Turkana hadi hospitali ni safari ya saa nyingi, hivyo sharti la matibabu ya mara moja halina maana iwapo doria haina gari la kumbeba aliyeanguka.

Njia ya pili ya matumizi, ile ya kugandamiza, haina nafasi kabisa kwa maoni ya mwandishi. Oktoba 2023, Alice Edwards, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, aliviorodhesha vifaa vya umeme vinavyogusishwa mwilini moja kwa moja miongoni mwa vitu vinavyostahili kupigwa marufuku. Mtu aliyekwisha kushikwa hazuiwi zaidi kwa maumivu.

Sharti la lugha ndilo ambalo halimo katika orodha nyingi, na ndilo yule msichana alilolitaja kwanza. Halihitaji fedha nyingi. Maneno machache ya onyo yanaweza kufundishwa kwa Ng'aturkana, Kidinka, Kisomali na Kiarabu cha Juba kwa askari yeyote anayepelekwa Kakuma, kama anavyofundishwa kulenga shabaha. Wakalimani wapo tele kambini. Wengi ni vijana waliosoma shule zetu na kufanya mtihani wetu wa Kiswahili.

Na ipo kazi ya vyama kama hiki chetu. Katiba inasomeka kwa Kiswahili. Jedwali la Sita, ambalo lina kurasa chache tu, linastahili kusomeka vivyo hivyo kwenye ubao wa kila kituo cha polisi na ofisi ya chifu, kutoka Lokichar hadi Lokichoggio. Mwandishi ameanza kulitafsiri pamoja na wenzake wawili. Tumekwama mara kadhaa, na zaidi ya yote pale panapotakiwa onyo bayana. Mmoja wetu aliandika "atoe onyo kwa sauti". Mwingine akapinga kuwa sauti si hoja, hoja ni kueleweka, akaandika "amwonye kwa lugha anayoielewa". Wa kwanza akasema, na ni kweli, kwamba hayo hayamo katika sheria. Tutakuwa tumetunga badala ya kutafsiri. Tumeyaacha maneno hayo katika rasimu, yakiwa yamepigiwa mstari, mpaka tutakapoyajadili tena. Tutahitaji pia mtu wa kuyapeleka katika Kidinka, kwa kuwa mama wa yule msichana hakujua Kiswahili pia.